“Dawa: kulingana na mgonjwa”

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Nina miaka 34, mume wangu 38. Tuna miaka sita kwenye ndoa, na minne ya mwisho yote tumeitumia kutafuta mtoto. Mume wangu amepima manii mara mbili, majibu mazuri. Kwangu mimi picha ya mirija ilionyesha yote miwili imeziba, na daktari akasema njia iliyobaki ni IVF, yaani yai litungishwe na mbegu maabara, kisha kiinitete (mimba changa kabisa) kirudishwe kwenye kizazi. Tukakubali, tukapewa karatasi ya bei. Juu kuna bei ya kifurushi kwa herufi nene. Chini yake kuna mistari: kumwona daktari, altrasaundi, kutoa mayai, kazi ya maabara, kurudisha kiinitete. Halafu kuna sehemu ya “huduma za ziada”: kuchoma mbegu ndani ya yai, kukwaruza ukuta wa kizazi, kugandisha. Mstari wa mwisho kabisa umeandikwa “Dawa: kulingana na mgonjwa”, na pembeni yake hakuna tarakimu yoyote.

Rafiki yangu wa miaka 40 alifanyiwa hapohapo mwaka jana. Anasema alipokaa kujumlisha stakabadhi zake alikuta amelipa karibu mara mbili ya ile bei nene, na mtoto hakupata. Sasa mume wangu anasema tunapelekwa kuibiwa. Kuna kliniki nyingine inatangaza nusu ya bei hiyo. Tuna kiwanja, mnunuzi yupo, na pesa yake inatosha kifurushi na kubaki kidogo. Tuuze? Na hiyo mara mbili ilitoka wapi?

Mke mwenye karatasi mkononi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeielezea karatasi yako mpaka nimeiona. Tarakimu za fedha nimeziondoa kwenye barua yako, maana kila mahali pana bei yake, na wasomaji wangeanza kulinganisha kiasi wakati cha kulinganisha ni mistari.

Kwa wasionijua: nilikaa miaka tisa nyuma ya dirisha la malipo la kliniki ya uzazi, na kabla ya hapo niliwahi kusimama upande wa pili wa dirisha kama hilo, mimi ndiye mgonjwa. Udaktari sina. Ankara nazijua.

Mwambie mume wako atulie kwanza. Sidhani kama rafiki yako aliibiwa. Alisoma mstari wa kwanza wa karatasi, na pesa zake zikaenda kwenye mstari wa mwisho.

Mwezi wa kawaida mwanamke hupevusha yai moja. IVF inataka mengi kwa mpigo, kwa hiyo unachomwa sindano ya homoni ya kukuza mayai kila siku, kwa siku 8 hadi 14. Homoni hiyo hupimwa kwa yuniti, na kichupa kimoja cha unga mara nyingi huwa na yuniti 75. Sasa shika kalamu. Mwanamke mwenye akiba nzuri ya mayai anaweza kupewa yuniti 150 kwa siku 9. Hizo ni 1,350, yaani vichupa 18. Mwenye miaka 40 ambaye akiba yake imepungua anaweza kupewa 300 kwa siku 12. Hizo ni 3,600, yaani vichupa 48. Daktari ni yuleyule na kifurushi ni kilekile, ila mmoja anaondoka na 18 na mwenzake anaondoka na 48. Na bado hujaweka sindano ya kuzuia mayai yasitoke mapema, sindano ya kuyakomaza inayochomwa saa 34 hadi 36 kabla ya kutolewa, na projesteroni (homoni ya kushikilia mimba) ya baada ya kiinitete kurudishwa, ambayo mimba ikishika inaendelea kwa wiki kadhaa.

Kuna mama mmoja simsahau. Alivitoa vichupa vyake kwenye mfuko, akavipanga kwenye kaunta yangu tanotano, akavihesabu mara mbili huku foleni inanuna nyuma yake. Akaniuliza, “Vyote hivi ni vya mtu mmoja?” Nikamwambia ndiyo. Akasema, “Basi ile karatasi yenu mngeianzia hapa.” Nilimpelekea bosi wangu maneno yale. Karatasi haikubadilika.

Kwa hiyo mstari ule usio na tarakimu udai tarakimu. Daktari akishakupima damu kwa kipimo cha akiba ya mayai kinachoitwa AMH, na akahesabu vifuko vya mayai kwenye altrasaundi, anaweza kukadiria dozi yako. Mwombe akuandikie makadirio mawili, la chini na la juu, kwa yuniti. Ukiwa na yuniti unaweza kuuliza bei kwenye maduka ya dawa matatu tofauti, na utashangaa. Wewe una miaka 34, huenda ukawa karibu na 18 kuliko 48, lakini umri peke yake hausemi. Nimewaona wa miaka 30 wakibeba mifuko mizito.

Halafu usinunue dawa zote siku ya kwanza. Nunua za siku tano. Baada ya hapo unapigwa altrasaundi na dozi mara nyingi hubadilishwa, inapanda au inashuka, na duka la dawa halipokei kichupa kilichokwishatoka mlangoni. Hili nililijifunza kwa mfuko wangu. Jaribio langu la kwanza lilifutwa siku ya tisa, kwa kuwa vifuko viwili tu ndivyo vilivyokua. Nilikuwa nimenunua dawa za siku kumi na mbili. Vichupa vilivyobaki vilikaa kwenye mlango wa jokofu mpaka vikapitwa na muda, na kila nikichukua maji naviona. Kifurushi nacho nilishakilipa chote. Sehemu ndogo nilirudishiwa baada ya miezi minne ya kwenda na kurudi, kwa sababu siku ya kusaini sikuuliza: tukiishia njiani kabla ya mayai kutolewa, narudishiwa nini? Mayai yakitolewa na kiinitete kisipatikane, je? Wewe uliza, na jibu liandikwe kwenye karatasi hiyohiyo.

(Mtoto wa kwanza wa IVF, Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978, alitokana na yai moja ambalo mama yake alilipevusha mwenyewe bila vichupa hivi. Njia hiyo bado ipo, na ipo pia ya dozi ndogo. Dawa zinapungua, na nafasi ya kila jaribio nayo inapungua. Ukitajiwa bei ndogo ajabu, ulizia kama ndiyo hiyo.)

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho hakimo kabisa kwenye karatasi yako, na ndicho ningetamani ulipie kabla ya vyote. Umesema mirija yote miwili imeziba. Mrija ukiziba upande wa nje unaweza kujaa maji, na maji hayo huchuruzika kurudi kwenye kizazi na kukipa kiinitete shida ya kujishikiza. Wanawake wenye mirija ya aina hiyo hupata mimba kwa IVF kwa kiwango cha karibu nusu tu ya wengine, na kuiondoa au kuifunga mirija hiyo mapema huwarudishia nafasi yao. Chukua ile picha, rudi kwa daktari, muulize hivi: mirija yangu ina maji? Akisema ndiyo, upasuaji huo uingie kwenye hesabu kabla ya sindano ya kwanza. Nilikuwa naona majalada ya watu waliolipia IVF mbili ndipo suala la mirija likaguswa. Dirishani mtu hana ruhusa ya kusema.

Huduma za ziada sasa. Kuchoma mbegu moja moja ndani ya yai, inayoitwa ICSI, ilianzia Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya wanaume wenye mbegu chache au dhaifu, na kwao imekuwa mkombozi kwelikweli. Mume wako kapima mara mbili na mbegu zake ni nzima. Kwa mwanamume wa namna hiyo ICSI haiongezi nafasi ya kupata mtoto. Daktari akiitaka, atoe sababu. Sababu inayoeleweka ipo, kwa mfano jaribio la nyuma ambalo mayai yaligoma kutungishwa, lakini ninyi hamna jaribio la nyuma.

Kukwaruza kizazi ndiko kunakonikera. Nilikata stakabadhi zake nyingi sana. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 1,300, nusu wakikwaruzwa kabla ya kiinitete kurudishwa, nusu wasikwaruzwe. Waliojifungua mtoto hai walikuwa 26 kati ya kila 100 upande huu, na 26 kati ya kila 100 upande ule. Piga mstari hapo. HFEA, chombo kinachosimamia kliniki za uzazi Uingereza, huchapisha orodha ya huduma za ziada za namna hii kwa rangi, kuonyesha ipi ina ushahidi na ipi haina, na kuisoma ni bure popote ulipo.

Kugandisha viinitete usikufute. Kuwekwa kwenye “ziada” ni makosa ya mwandishi wa karatasi. Chukua mayai kumi: kwa kawaida manane hivi yatakuwa yamekomaa, matano au sita yatatungishwa, mawili au matatu yatafika siku ya tano maabara yakiwa viinitete. Kimoja kinarudishwa. Vilivyobaki ndiyo jaribio lako la pili, lisilo na vichupa 18 wala nusukaputi ya kutoa mayai, kwa hiyo bei yake ni sehemu tu ya ile ya kwanza. Ulizia bei tatu kwa pamoja: ya kugandisha, ya kuhifadhi kwa mwaka, na ya kuyeyusha na kurudisha. Hiyo ya katikati watu huisahau, kisha ankara inawafuata miaka mitatu baadaye. Kuna wakati pia ovari huitikia dawa kupita kiasi, na daktari, kwa usalama wako, analazimika kugandisha vyote na kungoja. Siku hiyo aliyefuta mstari wa kugandisha anatafuta pesa usiku.

Wala usishawishike kurudisha viwili kwa mpigo ili “kubana matumizi”. Mapacha huzaliwa njiti mara nyingi zaidi, na ankara ya chumba cha watoto njiti nimewahi kuishika mkononi. Kifurushi chako ni chenji mbele yake.

Kliniki ya nusu bei. Inaweza kuwa nzuri. Ila nusu bei ya nini? Tuseme ya kwanza inatoza mafungu mawili kwa jaribio na mtoto mmoja anapatikana kwa kila majaribio matatu: mafungu sita kwa mtoto. Ya pili inatoza fungu moja, lakini mtoto mmoja kwa majaribio manane: mafungu manane kwa mtoto, na umri umekwenda. Kwa hiyo wakikutajia asilimia, waulize ni asilimia ya nini. Kipimo cha mimba kuonyesha ndiyo ni kitu kimoja, mtoto kulia ni kingine. Waliorudishiwa kiinitete ni kundi moja, walioanza sindano ni jingine, na mimi wa siku ya tisa nilikuwa kwenye hilo la pili tu. Waulize pia ni ya wanawake wa umri gani, maana Uingereza mwaka 2022 kila viinitete 100 vilivyorudishwa vilileta takriban watoto 35 kwa wanawake wa chini ya miaka 35, na 5 hivi kwa wa miaka 43 na 44. Kliniki inayokusanya wote kwenye asilimia moja inaficha kitu, hata kama haikukusudia.

Kiwanja. Siwezi kuuza kiwanja cha watu kupitia gazeti, lakini nitakufanyia hesabu niliyokuwa nikiwafanyia ndugu zangu tu, kwa sababu pale kazini ingenifukuzisha. Chukua wanawake 27, kila jaribio likiwa na nafasi moja kati ya tatu. Jaribio la kwanza linawapa watoto 9. Wanabaki 18, la pili linawapa 6. Wanabaki 12, la tatu linawapa 4. Wanane wanarudi nyumbani mikono mitupu baada ya kulipa mara tatu. Mwilini mambo hayaendi sawasawa kama kwenye karatasi, ila utaona kwamba anayeuza kila kitu kwa ajili ya jaribio moja amenunua nafasi 9 kati ya 27, na akiwa kwenye wale 18, hana pa kuuza tena.

Kwa maneno yako, pesa ya kiwanja inatosha kifurushi na kubaki kidogo. Basi haitoshi. Dawa zitakula hicho kidogo, na viinitete vilivyogandishwa vitakaa vinasubiri pesa. Jumlisheni upya: kifurushi bila kukwaruza na bila ICSI, makadirio ya juu ya dawa, upasuaji wa mirija kama unahitajika, kugandisha, na kurudisha mara mbili zaidi. Ongeza nauli na siku za kazi utakazokosa, maana altrasaundi peke yake inaweza kukuita mara nne au tano ndani ya wiki mbili. Kiwanja kikifika hapo, na kama kikienda chote mtaweza kuishi, mimi ningeuza. Kisipofika, tafuteni kwanza cha kujazia, lakini msitafute miaka mitatu. Kwa umri wako miezi minne ya kujipanga haikudhuru. Miaka mitatu inakupandisha kwenye kundi jingine la zile asilimia, na kwenye idadi nyingine ya vichupa.

Na huyo rafiki yako, mpe pole yangu. Kama bado ana stakabadhi zake, muombe mkae mzipitie pamoja. Hakuna karatasi ya bei iliyo sahihi kama bahasha ya mtu aliyekwishalipa.

SWALI FUPI

Shangazi, mimi ni mwanamume wa miaka 31, nanyanyua vyuma. Mwaka na nusu sasa nachoma sindano za testosteroni alizonipa mwalimu wa mazoezi. Tumepima, manii yangu haina mbegu hata moja. Mke wangu hana tatizo. Kliniki imetupa bei ya kutoa mbegu kwenye korodani kwa upasuaji, halafu IVF. Habari ya sindano sijamwambia daktari, naona aibu. Je, bei hii ni ya haki?

Mnyanyua vyuma

JIBU

Mwanangu, bei huenda ni ya haki, ila ni ya ugonjwa mwingine. Usilipe hata senti kwanza.

Testosteroni ya sindano ikijaa kwenye damu, ubongo unaona ipo ya kutosha na unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Mbegu zinakoma. Kwa wanaume wengi, sindano zikisimama, mbegu hurudi, ingawa huchukua miezi kadhaa, wengine mwaka na zaidi, na wapo ambao hazirudi zote. Mbegu moja huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo ukipima wiki tatu baada ya kuacha utakata tamaa bure. Kuacha kwenyewe kufanyike chini ya daktari, maana kuna uchovu na huzuni vinavyokuja, na zipo dawa za kuziamsha korodani. Atakupima homoni za damu, kipimo kidogo sana ukilinganisha na upasuaji mliotajiwa.

Aibu naielewa. Siku ya kwenda, chukua kichupa kimoja kwenye mfuko, umwekee daktari mezani. Ukishindwa kusema, atasoma lebo.